Mshauri Aliyesikia Filimbi

Lukumani, fundi wa velo, yaani baiskeli, hakuomba kuwa diwani, mshauri wa komini. Mwaka ule wa uchaguzi chama kimoja kilikosa majina ya kujazia orodha yake, na mtu wa chama akapita kwenye karakana yake kuongeza pumzi katika gurudumu. Alipokuwa akingoja akamwuliza kama ana kadi ya kura. Lukumani akasema anayo. Akamwuliza kama amewahi kufungwa gerezani. Akasema bado. Jina lake likaandikwa pale pale, juu ya goti la yule mtu.

Hakufanya mkutano hata mmoja. Picha yake ilibandikwa kwenye kuta mbili, na moja ikang'olewa na mvua kabla ya wiki kwisha. Lakini waendesha toleka, wale wanaobeba watu kwa velo kutoka sokoni mpaka Simi-Simi, walimjua wote, maana hakuna ambaye hajawahi kusukuma velo yake mpaka kwake na kuondoka ameketi juu yake. Walimpigia kura wao na wake zao. Siku matokeo yaliposomwa redioni alikuwa ameinama juu ya beseni la maji akitafuta tundu katika mpira wa ndani, na mkewe Karima ndiye aliyetoka nje kumwambia.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alisoma mpaka darasa la sita. Kifaransa alikielewa kikisemwa polepole, na katika kikao cha komini hakuna aliyekisema polepole. Aliketi mwisho wa meza, karibu na mlango. Ikija zamu yake ya kuzungumza koo lilimkauka, akasema tu kwamba anakubaliana na waliotangulia. Mtaani walimwita Honorable, yaani mheshimiwa, kwa kumcheka, naye hakukasirika. Mwenye toleka akifika na gurudumu bapa alisema, "Honorable, hii gurudumu imekufa, uitishe kikao." Lukumani alichukua velo, akaigeuza magurudumu juu, akaanza kazi.

Hata hivyo kuna mambo mawili aliyoyafanya, na mtaa mzima uliyajua.

La kwanza ni kiwanja. Mwisho wa avenyu yao, kabla ya kijito, palikuwa na jalala ambalo watu wa rika lake hawakumbuki lilianza lini. Mbuzi walikufa humo. Mvua ikinyesha uchafu uliingia katika parsele, viwanja vya nyumba za chini, na watoto waliharisha. Lukumani hakutoa hotuba juu ya jalala. Jumamosi moja ya salongo, siku ambayo kila mtu anatakiwa kufagia mbele ya mlango wake, alichukua sepetu saa kumi na mbili asubuhi akaenda kuchimba peke yake. Jumamosi ya pili wakaja watu wanne. Ya tatu akaja Mama Hélène, mshauri mwenzake, mama wa Isangi anayeuza samaki, mwenye sauti ya kutosha watu wawili, na kuanzia hapo walikuja wengi. Kazi ilichukua miezi mitano. Wakasawazisha, wakasimamisha milingoti ya mianzi, na vijana wakapata mahali pa kucheza mpira pasipo gari. Nicolas, mwalimu wa shule ya msingi, akaandikisha timu sita, moja ya wasichana, na mwenyewe akawa mwamuzi.

La pili ni filimbi. Wezi walikuwa wamezoea mtaa. Zamani wakiingia kwa mtu, yule mtu alipiga sufuria, na jirani naye akapiga yake, mpaka avenyu nzima inalia. Lakini mvua ikiwa juu ya mabati sufuria haisikiki, na siku za matanga kila mtu anapiga kitu. Mama Hélène alikuwa ameona mtoni jinsi watu wa baleinière, zile boti ndefu za mbao, wanavyopuliza filimbi kuonya mitumbwi mbele yao. Akasema filimbi inakata maji na mvua, kwa nini isikate mtaa. Wakapata filimbi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye moyo, moja kwa kila parsele. Sheria ilikuwa nyepesi ili kila mtu aishike: puliza mara tatu, ndefu, nyamaza kidogo, puliza tena mara tatu. Anayesikia atoke nje, apulize naye, akimbilie sauti inakotoka.

Lukumani ndiye aliyezigawa, akipita na mfuko mlango kwa mlango. Kwa Papa Léon alikaa kidogo. Papa Léon alikuwa fundi wa mashine za boti, mpaka siku damu ilipompanda kichwani na upande wake wa kulia ukafa. Alishinda barazani kwenye kiti. Lukumani akamvalisha kamba shingoni mwenyewe, kwa sababu mkono mmoja haukutosha kuifunga. Mzee akajaribu. Pumzi ilikuwepo. Alipuliza mpaka mkewe, Mama Viviane, akatoka jikoni na mwiko kuuliza ni nini.

Sasa, mpira nao unaisha kwa filimbi tatu. Mtaa mzima unajua hivyo. Lukumani anajua, Mama Hélène anajua, Nicolas ndiyo kazi yake. Walikaa vikao vingi juu ya filimbi na vingi juu ya mpira, mara nyingine siku moja, kwenye benchi moja, na hakuna hata mmoja aliyeweka mambo hayo mawili pamoja.

Fainali ilichezwa Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa tisa mchana. Burgumestri, mkuu wa komini, alikubali kuja. Viti vya plastiki vilipangwa pembeni ya kiwanja, juu ya kitambaa, na vipaza sauti viwili vikakodiwa. Avenyu ilibaki tupu. Hata wagonjwa waliosukumika walisukumwa. Papa Léon alikataa, akasema jua litamuua, aachwe alinde nyumba. Mama Viviane akambusu kichwani, akabeba makaa, kikaango na unga wake, akaenda kukaanga mikate nyuma ya watu, ile midogo ya mviringo ambayo vijana hula mpira ukiendelea.

Lukumani aliketishwa kiti cha tatu kutoka kwa burgumestri. Mfukoni alikuwa na karatasi. Walikuwa wamemwambia kwamba wakati wa mapumziko atasema maneno mawili kwa jina la washauri, kwa kuwa kiwanja ni kazi yake. Tangu Alhamisi hakula vizuri kwa ajili ya maneno hayo mawili. Karima alimfanya ayasome mbele ya ukuta.

Mapumziko yakafika. Wachezaji wakalala kwenye nyasi. Burgumestri akasimama, akashukuru vijana, akashukuru akina mama, muziki ukapunguzwa. Hapo Lukumani akasikia filimbi. Tatu, ndefu, kutoka upande wa avenyu. Watu walipiga makofi wakidhani timu zinaitwa uwanjani. Lukumani aligeuka akamtazama mwamuzi. Nicolas alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake, kichwa nyuma, akinywa maji ya sashe, ya kifuko cha plastiki. Filimbi ilikuwa inaning'inia kifuani.

Kisha zikaja tatu nyingine, na ya mwisho ilikuwa fupi.

Lukumani alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Alijua kanuni, aliitunga yeye. Lakini wakati ule ule burgumestri alikuwa anasema jina lake, na nyuso zote zilikuwa zinamgeukia. Akafikiri: watasema nimekimbia hotuba. Akafikiri: ni watoto wanachezea. Akaketi, akaitwa tena, akasimama, akaenda mbele. Akatoa karatasi na kuisoma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti haikukatika mbele ya watu. Aliongeza hata sentensi moja ambayo haikuandikwa. Walimpigia makofi kwa muda mrefu, na Mama Hélène akapiga kigelegele.

Kipindi cha pili kilianza.

Mama Viviane alirudi nyumbani jua likianza kushuka, kikaango kichwani. Pano ya umeme wa jua haikuwa juu ya paa, televisheni haikuwepo, redio haikuwepo. Papa Léon alikuwa chini, kisogo kwenye ngazi ya baraza, kiti kimepinduka. Bado alikuwa anapumua. Walimpeleka hospitalini juu ya pikipiki, kati ya watu wawili. Alikufa Jumanne asubuhi bila kusema neno.

Matangani Lukumani alikaa siku zote. Alibeba viti, alileta maji, alichimba kaburi na wengine. Alingoja kitu kimshike, kilio au hofu, na hakikuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliporudi kazini alikuwa anachoma kiraka, chuma kikamgusa kidole, na kilichomwambia kwamba anaungua ni harufu. Alikula alichopewa. Karima siku moja alisahau chumvi makusudi kwenye pondu, mboga ya majani ya muhogo, apate kuona kama atahisi. Alikula akamaliza.

Mtaani maneno yalikuwa mamoja: mpira umemuua Papa Léon. Kila mtu alikuwa amesikia filimbi, na kila mtu alidhani ni ya Nicolas. Nani angejua? Walisemezana hivyo kwenye bomba la maji, msikitini, kanisani, na kila aliyesema alipumua vizuri zaidi baada ya kusema. Lakini kosa lazima liwe na mahali pa kukaa, na likakaa kwa Nicolas. Wazazi walimpita bila salamu. Asubuhi moja alikuta kwenye ubao wa darasa lake mtu amechora filimbi na msalaba. Akairudisha filimbi kwa Mama Hélène ndani ya bahasha, akasema hatachezesha tena. Hakujitetea. Yeye mwenyewe aliamini kwamba pengine alipuliza. Siku ile alikuwa amepuliza mara nyingi, hakumbuki zote.

Mama Viviane ndiye aliyekuwa katika hali mbaya zaidi. Hakulia. Alikaa barazani kwenye kile kiti, na anayepita akimpa pole alimjibu jambo lile lile: kwamba mumewe alimwita, yeye akasikia, akageuza mikate.

Wiki ya pili chefu wa mtaa alipitisha karatasi ya kuomba komini ifunge kiwanja, ikigawe viwanja vya kujenga, ili mtaa utulie. Mama Hélène aliileta karakanani, macho mekundu. Hakupenda, lakini alikuwa ametia sahihi. Alisema hawezi kumtazama Viviane na kutetea mpira. Lukumani alishika kalamu. Aliishika mpaka Mama Hélène akamwuliza kama anataka asomewe. Akasema ataileta kesho.

Jioni ile, wakati wa kula, alimwambia Karima. Alimwambia yote kwa mpango, Nicolas alivyokunywa maji, filimbi ilivyoning'inia, yeye alivyonyanyuka na kuketi. Karima aliacha kula. Alingoja mwadhini amalize kuita.

"Lukumani, hii maneno iache hapa," alisema. "Papa Léon, haitamuamusha. Weye batakuchomea karakana, na mimi nitaenda kununua wapi chumvi katika hii mutaa?"

Lukumani alikubali. Alisema ni kweli. Karima hakuwa mwanamke mbaya, na alichosema kilikuwa na akili. Karatasi akaiweka chini ya kopo la gundi, haikutiwa sahihi, haikurudishwa.

Jumamosi ya wiki ya nne, baada ya salongo, chefu wa mtaa aliita watu wote kiwanjani. Walikuja na mafagio na sepetu zao, wamechafuka. Chefu akasema karatasi moja imepotea, donc, basi, atafanya njia fupi, wanaotaka kiwanja kifungwe wainue mikono na yeye atahesabu mbele ya macho yao. Kabla hajaanza mzee mmoja alimwona Nicolas nyuma ya watu, akauliza kwa sauti muuaji amekuja kufanya nini. Wengine walicheka kidogo, cheko la aibu. Mama mmoja akamwambia Nicolas arudi nyumbani, mwalimu, usijitafutie. Nicolas aligeuka kweli kuondoka.

Lukumani alisikia sauti inasema, "Nicolas hakupuliza." Alichelewa kuelewa kwamba ni yake. Watu waligeuka. Koo lilikuwa kavu kama siku zote, lakini safari hii hakungoja lilainike.

"Alikuwa anakunywa maji," alisema. "Filimbi ilikuwa kwa kifua yake. Mimi nilimuangalia. Nilijua iko filimbi ya avenyu. Nilisimama, halafu nikakaa, juu burgumestri alikuwa ananiita."

Chefu alimwuliza polepole, kama mtu anayemwambia mlevi, kama anajua anasema nini. Lukumani akasema anajua. Akasema waliokuwa nyuma hawakuweza kuona, waliokuwa wanacheza hawakuweza, Mama Viviane kule kwenye makaa hakuweza. Yeye aliweza, aliona, na akaenda kusoma karatasi. Mpira haumo katika neno hili. Nicolas hamo.

Hakuna aliyepaza sauti. Angekuwa amejiandaa kwa mawe, kama angekuwa na nguvu ya kujiandaa kwa kitu. Mama Hélène alikuwa ameweka mkono mdomoni. Yule mzee aliyesema muuaji alitazama fagio lake. Mtu wa toleka, mmoja wa wale waliompigia kura, alisema tu, "Aa, Papa Lukumani," kwa sauti ya mtu aliyeangusha kitu.

Mama Viviane alipita kati ya watu mpaka mbele yake. Alikuwa amekonda. Alimtazama kama anayetafuta kusoma.

"Ulisikia mara ngapi?"

"Tatu. Kisha tatu tena."

"Mara ya pili?"

"Ndiyo, mama. Ya mwisho ilikuwa fupi."

Alirudia maneno hayo, ya mwisho ilikuwa fupi. Yeye alisikia zile tatu za kwanza tu. Mara ya pili mafuta yalikuwa yanalia. Akaondoka kuelekea nyumbani kwake, na watu wakamfungulia njia. Chefu hakuhesabu mikono. Kila mtu alibeba sepetu yake akaenda.

Yaliyofuata yalikuja kimya kimya. Kiwanja hakikufungwa, kwa kuwa hakuna aliyeleta tena neno lile. Wazazi wawili walikwenda kwa Nicolas na kuku. Baada ya mwezi alirudi kuchezesha, kwa bendera nyekundu na kengele ya shule, na filimbi zikabaki za wezi peke yake. Lukumani aliandika barua ya kuacha kazi ya ushauri. Katibu wa komini akamrudishia, akasema haina muhuri wa chama, na chama hakikujibu, kwa hiyo aliendelea kuketi mwisho wa meza, karibu na mlango. Hakuna aliyemwita Honorable. Wenye toleka wengi walihamia kwa fundi mwingine wa avenyu ya pili. Karakana haikuchomwa. Karima alinunua chumvi pale pale alipoizoea. Muuzaji alimpa bila maneno, na hakumwongezea kidogo juu kama zamani. Karima hakumlaumu mumewe. Alimwambia tu siku moja kwamba amefanya alivyoona, na akarudi kukata pondu.

Lukumani alingoja apate nafuu. Alikuwa amesikia watu wakisema mtu akitoa neno lililomkaa hupata nafuu. Siku zilipita, alifungua karakana, aliifunga Ijumaa mchana, aliifungua tena.

Ilikuwa Jumatatu moja, hakuna velo hata moja mlangoni, Mama Viviane alipokuja. Alikuwa amevaa kitambaa cha wajane bado. Lukumani alisimama, akafuta benchi kwa mkono, akamkaribisha. Hakujua aweke wapi macho. Yule mama aliketi na mfuko wake magotini, akatazama spoki zilizotundikwa ukutani.

Alisema watoto wake wa Yahuma wamemwandikia ahamie kwao, na yeye bado hajajibu. Alisema nyumba imekuwa kubwa. Lukumani akafikiri sasa atamlaani, na akaona ni sawa.

"Mimi nilisikia lakini sikujua iko yeye," alisema Mama Viviane. "Mutu aliyemusikia yeye, ni weye moja. Unielezee."

Lukumani alimwuliza amweleze nini.

"Namna alipuliza. Kuanza mwanzo."

Basi akamweleza. Alisema muziki ulikuwa umepunguzwa. Alisema filimbi ya kwanza ilikuja ndefu sana, imenyooka, mtu mwenye pumzi nzuri. Ya pili sawa na ya kwanza. Ya tatu ilitetemeka mwishoni, lakini alishikilia. Halafu alingoja, kama sheria ilivyosema, hakuharakisha. Alifuata kanuni yote. Mama Viviane alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipofika kwenye ile fupi Lukumani alisita, na yule mama akafanya ishara kwa kidole aendelee, naye Lukumani akaisema nayo.

"Alipuliza na nguvu?"

"Na nguvu, mama."

"Upande ile moja ya mwili ilikuwa imekufa."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Akafunga mfuko wake, akainuka, akamuaga kwa mkono, jambo ambalo hakuna aliyemfanyia kwa muda mrefu. Lukumani alibaki amesimama mlangoni mpaka yule mama alipokata kona.

Jumatatu iliyofuata alirudi saa ile ile, akaketi mahali pale pale, akamwambia aanze tena.